Nzuri, Ila

Yule mzee wa Kifaransa nilimwendesha miezi minne pale Doha, na ndani ya miezi hiyo alinisimulia kazi yake yote huku mimi nikihangaika na maegesho. Nilikuwa dereva wa kampuni iliyotengeneza filamu fupi kuhusu wafanyakazi wageni. Yeye ndiye aliyeletwa kuiandika.

Alianza na tamthilia. Ya kwanza aliiandika angali kijana, ikachezwa katika ghala la shule kwao, kisha ikapelekwa mji mkuu na kukaa jukwaani miaka. Kila onyesho alikaa safu ya nyuma, si kutazama bali kusikiliza watu wanacheka wapi. Baadaye sinema ikamwita. Akawaandikia wengine mazungumzo, mara nyingine bila hata jina lake kutajwa. Filamu mbili aliziongoza mwenyewe, zote zikaanguka, na simu zikapungua. Aliporudi kwenye tamthilia alikuta nafasi yake imeshakaliwa na vijana.

"Hii ndiyo ya mwisho," aliniambia kwa Kiingereza chake kilichopinda kama changu. "Nikiikosea, basi."

Nilimhurumia. Lakini mimi jambo lisipokaa sawa siwezi kunyamaza, na hilo limenifukuzisha kazi mbili. Siku moja tumekwama kwenye foleni Abu Hamour, akanisomea kipande alichoandika asubuhi. Mlinzi wa Kiafrika anapigiwa simu kwamba mama yake amekufa. Anatupa kofia, anapiga magoti, anapiga ukelele.

"Mzee," nikasema, "huyo si mlinzi, huyo ni mbuzi wa Idi."

Alinuna mpaka foleni ikasogea. Kisha akauliza, "Basi ninyi mnaambianaje?"

Nikamweleza ilivyokuwa kwangu mwaka mmoja nyuma. Nimeegesha gari Al Thumama namsubiri abiria, dada yangu mdogo akapiga kutoka Tanga. Hujambo kaka? Sijambo, watoto? Wazima. Habari za nyumbani? Nzuri tu kaka, ila mama ametutoka jana. Nikasema, haya, mmeshazika? Tumeshazika. Nikamuuliza kama mvua zimeanza. Kwetu habari ni nzuri kwanza hata kama nyumba imeungua, na baya linakuja nyuma ya "ila". Msiba humtupii mtu kabla hajakukaribisha. Yule mdogo wangu alimwosha mama, akapokea waombolezaji, akapika, kisha akanipigia mimi kwa sauti ile ile ya kila Ijumaa, ili nisianguke nikiwa peke yangu ugenini.

Mzee alitoa penseli. Akanifanya niyarudie maneno yale mara tatu. "Ila," akawa anatamka, "ila." Akaniambia amefanya kazi hii miaka arobaini na hajawahi kuandika mstari kama huo. Akauliza kama naruhusu autumie.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikavimba kichwa, nikamwambia chukua tu, kama vile maneno yale yalikuwa yangu. Jioni ile ile nikampigia dada: maneno yako yatasikika sinemani. Akauliza kama wataelewa. Nikamwambia hakuna asiyeelewa kufiwa na mama.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa hoteli, mara baada ya magharibi. Niliazima koti la Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja, nikakaa nyuma kabisa na mzee. Mlinzi akapokea simu. Sauti ya kike ikasema, kwa Kiswahili chetu, "Nzuri tu kaka, ila mama ametutoka jana," na tafsiri ikapita chini kwa Kiingereza.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Na mimi nikacheka. Nilifuata mkumbo, meno nje, sekunde tatu au nne, kabla sijajua ninachokicheka. Kisha nikaona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Alikuwa na raha ya mtu aliyerudishiwa chake.

Ndani ya gari akaniambia, "Umewasikia? Halafu baada ya kicheko, ule ukimya? Ndio nilioutaka."

"Mimi sikuusikia ukimya," nikasema. "Nimesikia wanamcheka dada yangu."

Tulifika mlangoni pa hoteli yake. Akakaa na mkono kwenye kitasa. "Ingekuwa tamthilia," akasema, "kesho ningeubadilisha ule mstari. Filamu haibadiliki." Nilimwona mzee kweli kweli, mzee na mchovu, na bado sikuweza kumsamehe. Alishuka bila kuniaga.

Asubuhi dada akapiga. Nilikuwa naosha gari, nikaiacha simu iite muda mrefu kabla sijapokea. Hakuuliza hali yangu wala kazi. Alikwenda moja kwa moja, yeye ambaye hajawahi kuvunja taratibu za salamu maisha yake yote.

"Kaka, waliposikia, walilia?"

Nikatazama maji yanavyopotea kwenye mchanga. "Walilia," nikamwambia. "Ukumbi mzima."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Maana mimi sikupata nafasi."