Maua ya Unga Barazani kwa Mama Nilesh

Utotoni mwangu, pale Msambweni, kulikuwa na baraza moja ambayo sisi watoto tulikatazwa kuikaribia mara moja kila mwaka. Ilikuwa baraza ya duka la Mama Nilesh, jirani yetu Mhindi. Siku nyingine zote tuliketi pale tukila kashata. Lakini Diwali, sikukuu yao ya taa, ilipofika, Mama Nilesh aliosha sakafu alfajiri, akachuchumaa, akawa anadondosha unga wa rangi kati ya vidole vyake. Jua likipanda, baraza nzima ilikuwa imechanua maua meupe na mekundu, yamezungushiwa mistari myeusi.

Mimi niliyaona mazuri kupita kiasi. Bibi yangu, Bi Mejumaa, aliona jambo jingine.

"Nyeupe, nyekundu, nyeusi," alituambia. "Hizo ni rangi za pepo. Mganga akimtoa mtu maradhi, huyamwaga chini kwa rangi hizo hizo, na atakayekanyaga ndiye huondoka nayo. Msipite pale."

Sikumcheka, na leo pia simcheki. Alikuwa ameiona kwa macho yake michoro ya unga, udongo mwekundu na makaa kwenye ngoma za kutibu wagonjwa. Hakuweza kuamini kwamba mtu angemwaga unga sakafuni kwa ajili ya urembo tu.

Mwaka mmoja Diwali ilimkuta mamangu na mimba pevu. Asubuhi alikwenda dukani kununua mafuta ya taa, tumbo likamfichia miguu yake, akaukanyaga mchoro. Alirudi na unga mwekundu kwenye nyayo. Kabla ya adhuhuri alishikwa na kichwa kikali, akatapika, mwili mzima ukamtetemeka. Baba akaita tuktuk, wakampeleka hospitalini. Bibi hakufuatana nao. Alijifunga leso kiunoni, akanishika mkono, tukaenda dukani.

"Hodi," alisema, akasimama nje ya baraza.

"Karibu. Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Mama Nilesh, mkaza mwanangu ameukanyaga mchoro wako na hali yake ni mbaya. Sikuja kugombana. Umeuchora kwa mkono wako, nakuomba uuondoe kwa mkono wako."

Mumewe akainuka nyuma ya kaunta. "Mama, leo ni sikukuu. Mchoro huu ni wa kukaribisha heri nyumbani. Ukifutwa kabla ya taa za jioni, kwetu ni mkosi."

Bibi alitaka kujibu, kidevu kikaanza kumtetemeka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Mama Nilesh alimtazama, akaingia ndani, akatoka na ndoo na kitambaa. Akapiga magoti na sari yake mpya, akaanza kufuta.

Bibi akasimama kidogo. Kisha akavua ndara, akapanda barazani, akachuchumaa kando yake, akafuta naye kwa kiganja kitupu.

"Bibi!" nikapiga kelele.

"Nyamaza. Kama yapo, na yanipate mimi. Nimeshakula chumvi ya kutosha."

Alasiri baba akapiga simu. Mtoto wa kike, wazima wote wawili. Presha ilikuwa imempanda mama, madaktari wakamuwahi. Bibi akasema alhamdulillahi, akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Mdogo wangu alipotimiza siku arobaini, Bibi mwenyewe alimwalika Mama Nilesh aje achore mlangoni petu. "Lakini nyeupe tupu," alimwambia. Alichora kwa unga wa mchele, na maua hayakumaliza saa. Kuku waliyala yote. Bibi akawa anawafukuza. Mama Nilesh alicheka, akasema tuwaache, kuku nao ni wageni.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Aliondoka akiamini kuwa kufutwa kwa unga ule ndiko kulikomwokoa mamangu. Mimi nimesoma, najua presha ya mimba ni nini. Hata hivyo sijaona sababu ya kubishana naye kaburini.

Juzi nilipita kumjulia hali Mama Nilesh. Nikamwuliza kama aliamini maneno ya Bibi siku ile.

"La," alijibu. "Lakini yeye aliamini, na mtu wake alikuwa anaumwa."

"Na mkosi aliousema mumeo? Huo hukuuogopa?"



"Huo niliuogopa sana," akasema.

Nilirudi nyumbani polepole. Miaka yote hiyo nilidhani siku ile aliyehatarisha kitu ni Bibi peke yake.