Mama Futi na Kontena la "Vipande"

Lakiri ya kontena inakatwa saa mbili na robo asubuhi. Mkaguzi wa forodha anasogea mlangoni, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni. Miaka kumi na moja kazini hajaivua, ndiyo maana uwanja mzima wa makontena unamwita Mama Futi.

Karatasi zinasema ndani mna vipande, yaani mabaki ya vitambaa, marobota mia tatu na kumi. Vipande hulipiwa ushuru mdogo. Kitambaa kizima hulipiwa karibu mara tano yake, na hapo ndipo wajanja hupenyea.

"Mama yangu, haya matambara tu," anasema wakala wa mwagizaji, bwana mtanashati ambaye viatu vyake havijui vumbi. "Utapoteza siku bure."

"Siku yenyewe yangu, baba. Niache niipoteze."

Kweli ana kikubwa zaidi cha kupoteza. Mwaka jana alizuia kontena la vigae siku tisa kwa hisia tu, kumbe mwenyewe msafi. Akapewa barua ya onyo. Ya pili itamwondoa uwanjani na kumpeleka masjala, apange mafaili mpaka astaafu.

"Nilikosea, nikamwomba radhi yule baba," anasema bila kuzunguka. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nimekataa kushtushwa na ung'ongo."

Robota la kwanza, vipande. La kumi, vipande. La sitini, vipande vitupu. Wakala anatazama saa. Mkuu wa zamu anamnong'oneza, "Dada, ikifika saa sita tufunge."

Ndipo sauti ya kuli, mzee wa mabega mapana, inapotoka ndani kabisa ya kontena: "Mama, hili jora niliweke wapi?"

Jora! Kila mshonaji anajua jora ni kitambaa kizima kilichoviringishwa, hakijaguswa na mkasi. Kuli hakusoma karatasi za mtu. Bega lake ndilo lililosoma, kwa uzito na umbo.

"Lete hapa, kaka," anasema Mama Futi.

Nje limevikwa vipande. Anachana, anavuta, anapima: mita arobaini bila mkato, kingo zote mbili zimefumwa kiwandani. Kufikia alasiri yamehesabiwa majora mia mbili arobaini na sita.

"Labda kiwandani walichanganya," anasema wakala, jasho likimtoka.

"Labda. Utaandika hivyo kwenye maelezo yako."

Mwagizaji amepewa siku thelathini za kujieleza. Wakati huohuo mafaili ya mizigo yake ya miaka mitano yanavutwa, uzito na malipo ya benki yalinganishwe na alichotamka. Mama Futi hamwiti mwizi. "Vigae vilinitia adabu," anacheka.

Anapoishika futi, kicheko kinakatika. Ilikuwa ya mama yake, aliyeuza vitambaa akilipia ushuru kila mita, akashindwa bei na wasiolipa. Duka lilikufa, ikabaki hiyo. Inamuuma mpaka leo, na hafichi.

Mwezi ujao ataanza kuwafundisha wakaguzi wapya. Barua ya onyo hataki iondolewe kwenye faili lake, ataisoma darasani. Somo la kwanza, lakini, si lake.

"Nimempa yule kuli," anasema. "Yeye atasimama mbele, sisi tutakaa tusikilize. Ameshaniuliza avae nini."