Aliyeitikia Kumi na Moja

Siku ya kwanza nilikwenda kiwanjani kusimamisha milingoti ya goli, si kucheza. Mimi ni mtu wa darasa la nne, kuli wa ghala moja la Changamwe, na raga nilikuwa sijaiona hata kwenye picha. Mwenyekiti wa tawi la chama cha raga alinitazama nikiinua bomba la chuma peke yangu.

"Shingo hiyo umeipata wapi?"

"Kwenye magunia, bwana mwenyekiti."

"Njoo Jumamosi. Hapa utabeba watu."

"Na mshahara?"

"Hakuna."

Nikaenda, na sikuacha kwenda mpaka magoti yaliponikataa. Skramu, yaani pale wanaume wanane wanapoinamiana na wanane wengine wakasukumana, haianzi na nguvu. Inaanza na mgongo ulionyooka, na mgongo mimi naujua. Nilifundisha Likoni, nikafundisha Kisauni, na wenye vyeti vyao walikuja kuniuliza. Siwaambii haya kwa kujisifu. Au basi, najisifu. Nani atanisifia?

Lakini vijana huniuliza kwa nini timu nilizolea zinahesabiwa kwa mkono. Hilo lilianzia Miritini, nilipokuwa kocha huko.

Kiwanja chetu cha Miritini kiliishia kwenye mikoko. Mpira ukitoka upande ule, winga, yule mkimbiaji wa pembeni, ndiye aliyeufuata matopeni. Kwa hiyo mwenyekiti alituwekea desturi: mazoezi yakiisha, tunasimama mstari na kila mtu anapaza namba ya jezi yake, moja hadi kumi na tano. Zikitimia, ndipo tunatawanyika.

Jioni moja maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida. Mpira uliingia mikokoni na Charo, winga wetu wa kushoto, namba kumi na moja, akaufuata. Mimi nilikuwa na zamu ghalani na nilishachelewa. Nikapiga filimbi.

"Namba!"

Nilikuwa nimewapa mgongo, nakunja kamba ya mazoezi. Namba zikaja. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Zikatimia. Nikasema nendeni.

Nilishafika barabarani nahodha aliponikimbilia na nguo mkononi.

"Kocha, suruali ya Charo hii hapa. Amekwenda kwao uchi?"

Wenzake wakacheka. Kisha mmoja akaacha kucheka, na wote wakaacha.

"Nani aliitikia kumi na moja?" nikauliza.

Wakatazamana. Namba kumi aliapa, wallahi, kwamba aliisikia vizuri lakini si kwa mtu aliyekuwa kando yake. Alidhani Charo amesimama nyuma.

Tuliingia na kamba. Tuliita jina lake mpaka koo zikakauka, na mikoko haikurudisha hata mwangwi. Tulimpata kwa kumwona, si kwa kumsikia. Tope lilimshika mpaka kifuani, maji yalikuwa kidevuni, macho wazi, ametulia kama mtu anayesikiliza mlango. Tulimvuta watu sita, na tope lilimwachia kwa shida.

"Charo, mbona tunakuita huitiki?"

"Niliwasikia mkihesabu," akasema. Meno yalikuwa yakigongana. "Nikajaza pumzi nijibu. Mtu akanitangulia, hapa nyuma yangu. Nikajua sasa mtaondoka. Na atakayekuja kuniita baada ya hapo, nitajuaje kama ni nyinyi?"

Nyuma yake palikuwa na maji na mizizi. Tulitoka tumeshikana mikono, wanaume wazima.

Tangu jioni hiyo sijahesabu sauti. Natembea mstari mzima, naweka kiganja juu ya kila kichwa, nakisikia kina joto, ndipo nahesabu. Katibu wa mkoa alikuja siku moja akanicheka mbele ya watu.

"Mzee, unahesabu wachezaji kama mbuzi."

"Mbuzi wangu wote hulala nyumbani, bwana katibu."

Sasa nimestaafu, nakaa Timbwani. Waliponiaga walinipa mpira wenye sahihi zao na maneno mengi mazuri. Charo alikuja pia. Ni mtu mzima, hufundisha mawinga Kisauni, na hajakanyaga tena kiwanja kile. Wengine walipoondoka, nikamuuliza jambo nililoliogopa miaka yote.

"Sauti ile ilikuwa ya nani?"

Alitazama sakafu. "Yako, kocha."

"Mimi nilikuwa kule, nakunja kamba."

"Najua. Nilikuona kupitia matawi, umetugeuzia mgongo. Na sauti yako ilikuwa hapa sikioni."

Nimelipindua neno hilo kila upande. Nilikuwa na haraka, hilo nakiri. Huenda mdomo wangu ulimwitikia ili hesabu itimie nikawahi zamu, na upepo ukaibeba sauti. Sikumbuki kufungua mdomo. Na jioni ile upepo haukuwapo.

Nilimshukuru Charo kwa kunisitiri.

"Sikukusitiri," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Basi nimeuliza. Na nyinyi mnaoshika filimbi baada yangu, msigeuze mgongo.