Maji ya Jumapili

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni ni ya tope la ndiva likianikwa juani. Ni harufu nzito ya majani yaliyooza na maji yaliyolala, na mgeni angeziba pua, lakini sisi tuliokulia pale mto unaposhuka kutoka Chome, juu kwenye milima ya Upare, na kuanza kutambaa kuelekea tambarare, tuliivuta kwa raha. Ndiva ni bwawa la udongo, mababu walilichimba ubavuni mwa kilima. Maji ya mto yaliingia humo jioni yakalala, asubuhi yakafunguliwa mferejini, leo yaende kwa maharage ya huyu, kesho kwa mahindi ya yule. Bila ndiva yangepita sisi tukiwa vitandani, yakaishie mchangani bila kumfaa mtu. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba maji nayo yanahitaji usingizi, na kwamba ukiyafungulia mapema mno yatatembea yakijikwaa. Hakuna aliyenisahihisha.

Kiangazi ninachokisimulia nilikuwa darasa la tatu. Masika yalikuwa yamekatika mapema, na Baba, aliyekuwa fundi baiskeli mjini Same, alikuja nyumbani akakaa jikoni muda mrefu bila kuvua viatu. Akamwambia Mama, kwa Chasu, lugha yetu Wapare, polepole, kwamba maharage yakikauka tena kama ya mwaka uliopita tutafunga nyumba, shamba atamwachia mdogo wake, na sote tutahamia kwenye chumba chake cha kupanga mjini. Mama hakubishana. Aliendelea kuchochea moto chini ya sufuria ya makande, lakini alikasirika, maana jioni ile makande yalikuwa na chumvi ya kutosha ukoo mzima. Mimi niliogopa. Same niliijua kwa vumbi lake na mabasi ya barabara kuu yaliyopiga honi kana kwamba yanagombana, na sikuweza kuamini kwamba mtu anaweza kuamka mahali ambapo hasikii maji yakifunguliwa.

Siku chache baadaye baragumu la msaragambo likalia. Kwetu msaragambo ukiitwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, kwa sababu kazi ni ya wote. Kazi yenyewe ilikuwa kuzoa mchanga ulioshuka na mto ukajaza ndiva, maana huko juu watu walikuwa wameanza kulima tangawizi hadi kwenye kingo za mto na kila mvua ilituletea kipande cha mashamba yao. Wanaume walichimba, wanawake wakabeba kwa makarai, sisi watoto tukateleza na kupiga kelele. Desturi ilikuwa kuacha pale jembe linapogusa udongo wa kijivu unaonata. Lakini mwaka ule watu walikuwa na njaa ya maji, wakasema tuongeze kina kidogo, na kidogo nyingine, na ule udongo wa kijivu ulikuwa mzuri mno, laini kama siagi. Wanawake wakaona haya kuutupa. Wakaubeba nyumbani kukandikia kuta, na Mama akakandika jiko letu likang'aa. Nililala nikiwaza bwawa litakavyokuwa refu kama bahari.

Asubuhi ndiva ilikuwa tupu. Maji yaliyoingia jioni hayakuwepo, limebaki tope na vyura wachache wanaoshangaa pamoja nasi. Watu walisimama ukingoni wakageuza macho kuelekea tambarare, kwa Wamasai, na kila mtu akajua mwenzake anafikiria nini. Kiangazi kilichopita ng'ombe wao walikuwa wameingia mashambani, tukawafukuza kwa mawe. Sasa ikasemwa kwamba wamekuja kufungulia bwawa ili wanyweshe. Vijana walikwenda kwenye maboma yao wakatukana, na ni Mungu tu aliyezuia fimbo zisitembee. Siku ile Mama Naisula, mke wa mfugaji aliyekuwa akituletea maziwa na kuondoka na ndizi, hakuja. Mama aliweka kibuyu chake mlangoni hadi jioni, kisha akakirudisha ndani.

Aliyegundua ukweli ni Baba Eliamani, mgawa maji wetu, mtu mkali aliyependa kutuvuta masikio. Aliingia bwawani akachomeka fimbo yake, ikazama mchangani bila kukutana na kitu. Kisha akateremka chini ya kilima akakuta njia ya miguu imelowa. Hakuna aliyekuwa ameiba maji. Tulikuwa tumechimba sakafu ya ndiva yetu wenyewe, ule udongo wa kijivu uliozuia maji yasipenye, tukaipeleka majumbani tukapaka kuta. Watu waliangaliana, wakaanza kucheka kicheko kile cha aibu, kisha wakanyamaza, kwa sababu maharage yalikuwa yametoa maua na hayasubiri mtu. Udongo mwingine wa kijivu ulipatikana kando ya mto, ukamwagwa, lakini ulihitaji kukanyagwa mpaka ushikane, na miguu ya binadamu isingetosha. Zamani kazi hiyo ilifanywa na ng'ombe. Sisi siku zile kila nyumba ilikuwa na ng'ombe mmoja wa bandani, wa kukatiwa majani, asiyejua hata kutembea. Makundi ya ng'ombe yalikuwa kwa wale tuliokwisha kuwatukana.

Hakuna mwanamume aliyetaka kwenda. Mama akajifunga khanga, akanishika mkono, akabeba mkungu wa ndizi kichwani tukateremka. Njia nzima jua lilikuwa jeupe, na tambarare ilikuwa ikitetemeka kwa mbali hata nikaona miti ikielea. Mama Naisula alitupokea vizuri, alinipa maziwa, nikamwamkia shikamoo akaniitikia huku akimwangalia Mama. Mama alipomaliza kueleza, yule mama aliuangalia mkungu wetu wa ndizi.

"Juzi mlisema ng'ombe wetu wanaiba maji," alisema. "Leo mnataka waingie ndani ya maji?"

"Tulikosea," Mama akajibu. "Nimekuja kusema hilo kwanza. Habari ya ng'ombe itafuata."

Mama Naisula akamgeukia mumewe wakaongea Kimaa kwa muda. Mwishowe akatuambia kwamba mumewe atakuja na ng'ombe, ila anataka siku moja katika juma ambayo wanyama watakunywa maji ya mfereji wetu bila kupigwa na mtu. Mama hakusema ngoja nikawaulize wazee. Alisema, chukueni Jumapili. Sisi ni Walutheri, Jumapili hatumwagilii. Njiani wakati wa kurudi alitembea haraka mno, nikajua na yeye ameogopa alichokiahidi.

Walikuja alfajiri iliyofuata. Kwanza tulisikia kengele, kisha vumbi likapanda likiwa jekundu kwa jua changa, kisha ng'ombe wakaingia katika ndiva yetu, weupe, wekundu na wa madoa, wakazunguka na kuzunguka, kwato zikitoa sauti ya midomo inayofyonza. Wanaume wa Kimasai waliwaongoza kwa miluzi, wetu wakamwaga udongo na maji mbele yao, na ilipofika mchana sikuweza tena kutofautisha nani ni nani, maana wote walikuwa wa rangi moja ya tope. Mimi na Naisula, binti wa yule mama wa maziwa, tulikaa ukingoni miguu ikining'inia. Sina uhakika kama tuliongea. Nakumbuka joto la ng'ombe, na harufu ya samadi na maji, na kuona kwamba siku ile haitakwisha. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa namna ile.

Ndiva ikashika maji. Maharage yakakomaa, Baba akaja akala, akarudi Same peke yake na hakulitaja tena lile la kuhama. Wazee walinung'unika kuhusu ahadi ya Mama, lakini wangefanya nini, Jumapili ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Mungu kabla yao. Tangu hapo tulipotoka kanisani tuliwakuta ng'ombe wamejipanga mferejini wakinywa, kundi zima mpaka mtoni, na sisi na viatu vyetu vya ibada tukipita kando yao.

Siku hizi mimi ndiye ninayeishi Same. Ndiva imewekwa saruji na haivuji hata tone, ila mto wenyewe hufika kwa kudondokadondoka, kwa sababu huko juu pampu zinanguruma kila siku, Jumapili zikiwemo. Msaragambo unaitwa kwa ujumbe wa simu na wengi hujibu kwamba wako safarini. Baba alikwisha kufariki. Agosti iliyopita nilikwenda kumchukua Mama ili akaishi nami mjini, na nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nilimkuta maharage yake yamekuwa ya manjano. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, na akaenda moja kwa moja kuzibua ndiva kama alivyozoea. Kijana wa kamati ya maji alimwamkia kwa heshima akamwambia kwamba Wamasai siku hizi wanakuja kwa nadra, na kwamba maji hayo machache wangeyaelekeza shambani kwake, wala hakuna ambaye angelalamika.

"Wakija wakakuta pakavu," Mama alisema, "nitawaambia nini?"

Akazibua. Tukakaa chini tukingoja, mimi na mpango wangu ambao sikuutamka. Mchana ukiwa umesogea walikuja ng'ombe sita, mbavu zikihesabika, na kijana mmoja nyuma yao aliyemwita Mama bibi. Walikunywa taratibu. Zamani maji kama yale yangekwisha kabla nusu ya kundi haijainamisha kichwa. Siku ile ng'ombe wote walikunywa wakashiba, na maji yakabaki.