Kidole Nilichokifanya Kigingi

Watu wa Nungwe, hapa kando ya ziwa, huniita Kidole. Wageni hudhani ni jina la heshima, kwamba labda siku moja nilimnyooshea bwana mkubwa kidole. Nami huwaacha wadhani hivyo. Lakini Mzee Bartholomeo ameanza kulisimulia jambo lenyewe kila tunapotia nanga, naye huongeza chumvi, kwa hiyo afadhali nijiumbue mwenyewe.

Mimi ni Jilala, mtu wa Samuye, upande wa Shinyanga. Kwetu maji ni ya kunywesha ng'ombe. Nimekua nikiyaona lamboni, na masika katika mto Manonga, ambao nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Mwaka 1950 nilimfuata kaka yangu Maganga kwenye mgodi mmoja wa huku Geita, tukawa tunashuka shimoni pamoja. Siku moja mwamba uliachia ukamwangukia mguuni, nami nikakaa kando yake gizani mpaka walipokuja na taa. Maganga alirudi Samuye na mguu usiokunjika. Mimi nilibaki na miguu miwili mizima isiyotaka tena kushuka chini. Kila asubuhi kengele ilipogongwa, ilinibidi niibembeleze miguu hiyo.

Ndipo nikasikia kwamba boti ya injini inayoleta magogo kutoka visiwani, yale ya kushikilia paa la shimo, inatafuta baharia. Nahodha wake alikuwa huyo Bartholomeo, Mzinza mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaniuliza swali moja tu: maji nayajua?

"Mimi na maji ni ndugu, Mzee," nikamjibu. Nikamweleza nilivyovuka Manonga nimeshika mkia wa fahali. Sikumwambia kwamba maji yalimfika fahali yule magotini.

Akanichukua kwa majaribio, kuanzia Januari hadi Pasaka. Sikukuu ikipita angekwenda ofisini kusema neno lake: niandikwe baharia, au nirudishwe shimoni. Miezi mitatu niliishi kwa kumwiga mwenzangu Donatus. Akishika kamba nami nashika, akitema mate majini nami natema. Naweza kusema mate niliyatema vizuri kuliko yeye.

Jumatatu ya Pasaka karani wa mgodi, Eustace, aliiazima boti kwa ruhusa ya wakubwa, amtembeze mkewe Philomena na rafiki zao. Donatus alikuwa amekwenda kwao kula sikukuu. Tukafika kwenye kisiwa kidogo chenye miti michache na mawe yaliyopakwa chokaa na ndege. Mzee akazima injini, akatupa nanga, akanikabidhi kamba.

"Funga vizuri, Jilala. Wewe utabaki kulinda boti."

Wote, Mzee naye, wakapanda mtumbwi tuliokuwa tumeukokota, na sufuria zao, na gramafoni ya karani ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuibeba. Nikabaki mimi na kamba. Fundo nililolijua lilikuwa moja, lile la kumfunga ng'ombe miguu ya nyuma wakati wa kukamua. Ni fundo zuri sana. Linashika, na ukivuta ncha mara moja linafunguka lote, ng'ombe asije akakuvunja taya. Nikalifunga kwenye chuma cha mbele, nikarudi nyuma hatua mbili, nikalitazama kwa kiburi.

Kisha nikakumbuka maarifa mengine ya machungani. Nilipokuwa mdogo, nikitaka kusinzia nilifunga ncha ya kamba ya ndama kwenye kidole gumba cha mguu. Ndama akisogea, naamka. Nikaona boti haina tofauti na ndama. Nikaichukua ile ncha, nikatengeneza kitanzi, nikakitia kidole changu. Niwaambieni kweli, nilijisifu. Nilijiuliza kwa nini mabaharia wengine hawajalifikiria jambo hilo.

Nikalala chali juu ya magunia. Upepo ulikuwa mwanana, sato wanakaangwa pwani na harufu yao inanifikia, gramafoni inaimba. Nikajiona bwana. Nikatunga kichwani barua ya kumpelekea Maganga, kwamba mdogo wako sasa kazi yake ni kulala mchana. Sijui kama niliimaliza, maana usingizi ulinichukua.

Nikageuka ubavu. Mtu akigeuka, mguu wake huenda naye. Mguu ukavuta ncha, na fundo likafunguka kama nilivyolifunga lifunguke.

Kilichoniamsha ni kidole. Boti ilikuwa inakwenda na upepo, kamba yote imekwisha kutoka, na kitu pekee kilichobaki kati ya boti na nanga kilikuwa mimi. Niliburutwa kwa matako hadi mbele, mguu ukanasa ukingoni. "Mayu!" nikamlilia mama yangu, naye yuko Samuye anapepeta mtama. Baharia wa kweli angeikamata kamba kwa mikono. Mimi nilikivua kidole. Kamba ikatumbukia majini, na ukucha wangu ukaenda nayo.

Nilipoinua macho, kisiwa kilikuwa kinaondoka.

Sauti ya kuita ng'ombe ninayo, husikika kilima cha pili. Nilifungua kinywa. Lakini Philomena alikuwa amesimama pwani ananitazama, na kwa aibu nikakifunga tena. Nikipiga kelele, nikawaza, kesho ni shimoni. Basi nikainua mkono nikapunga, kama mtu aliyeamua kuitembeza boti kidogo. Philomena akapunga. Eustace akapunga kwa kitambaa. Nikapunga kwa mikono miwili, nao wakapunga kwa mikono miwili. Nyuma yangu nilisikia maji yakipiga mwamba. Niliigusagusa injini, haikuwa na habari nami. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile gizani kando ya Maganga, na bado mkono wangu ulikuwa juu.

Mzee peke yake hakupunga. Alitazama mbele ya boti, hakuona kamba, akaingia mtumbwini. Alinifikia mwamba ukiwa umebaki kama hatua ishirini. Akapanda, akawasha injini, akaturudisha pale pale, akaiopoa kamba kwa upondo. Kwenye ncha kulikuwa na kitanzi kidogo. Akakitazama kitanzi. Akautazama mguu wangu uliokuwa ukivuja damu kwenye mbao zake.

"Unajua kuogelea?" akauliza.

"Sijui, Mzee."

"Fundo nitakufundisha kwa siku moja. Kidole kitapona chenyewe. Lakini mtu akipotea huku anapunga mkono, nitajuaje kwamba anapotea?"

Sikuwa na uongo mwingine. Nikakaa chini nikamweleza yote: mwamba, mguu wa Maganga, kengele ya asubuhi. Nikamwambia naogopa shimo, naliogopa mpaka silali. Nililia pia, nisifiche, na gramafoni kule pwani ikaendelea kuimba mambo ya mapenzi.

Akakunja kamba yote, taratibu. "Hayo ungeniambia Januari," akasema.

Jumanne tukaingia ofisini, mimi nikichechemea. Mzungu wa mgodi akafungua daftari, akauliza habari zangu. Mzee akavua kofia.

"Huyu hajui kuogelea," akasema. "Hajui fundo. Injini haijui. Boti anaifunga kama ng'ombe."

Nikajua nimekwisha. Miguu yangu ikaikumbuka ngazi ya shimo.

"Mwandike," Mzee akasema. "Sasa najua kila asichokijua."

Huu ni mwaka wa sita niko botini. Magogo ninayoyapakia huyachagua mwenyewe, na lililopinda nalikataa, hata mwenye msitu akinitukana. Ukucha haukurudi. Kuogelea nimejifunza kidogo, kwa namna ya mbwa. Na nikiwa pwani nikampungia Mzee mkono, hunipigia kelele kutoka botini: "Unaaga au unapotea?"

Mara nyingi ninaaga tu. Lakini mwaka jana, siku ilipofika barua kwamba Maganga amezikwa, nilisimama pale mchangani nimeishika, nikainua mkono. Akauliza swali lake.

"Napotea, Mzee," nikamjibu.

Akaiacha injini ikiunguruma, akaja.