Mluzi wa Pikapu ya Mama

Nikipita kwa mziba pancha nikanusa ile gundi inayopakwa kwenye tyubu, uso huniwaka moto hata leo. Wenzangu hudhani ni jua la Moshi, nami siwasahihishi.

Mama alikuwa na pikapu kuukuu ya buluu, iliyotoka Japani miaka ile magari ya mitumba yalipoanza kuonekana mpaka kwetu Uru. Aliteremshia ndizi sokoni, maana baba alikuwa kazini Dar na tulimwona Krismasi tu. Honi ilikuwa imekufa. Badala yake gari lilikuwa na mluzi. Likishakolea mwendo kwenye mteremko, upepo ulipenya mahali fulani kwenye kioo cha mbele ukatoa sauti nyembamba, ndefu, iliyosikika migombani kabla gari halijatokea kwenye kona.

Sasa, kwetu mwanamke hapigi mluzi. Msichana akijaribu tu, anafokewa na mtu mzima yeyote aliye karibu. Wanafunzi wenzangu wakapata cha kusema: "Mama yako huyo, anawaita wanaume!" Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni. Nilimwonea mama aibu, naye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuendesha gari.

Kipaimara kilipokaribia nikamwambia waziwazi kwamba gari likipiga mluzi mbele ya kanisa, na askofu yupo, mimi nitashuka nitembee.

"Mluzi haunywi petroli," mama alisema. "Na bibi yako je?"

Bibi, mama yake baba, aliishi chini kidogo ya kwetu, nyumba ikiwa ndani kabisa ya kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Macho yake yalikuwa yamefifia. Akisikia mluzi alichukua fimbo na kuanza kupanda. Sisi tukifika penye njia yake, naye ametokea barabarani. Na ndiye aliyekuwa msimamizi wangu wa kipaimara. Angeniwekea mkono begani wakati askofu akinipaka mafuta. Gauni lake la siku hiyo alikuwa ameshashonesha.

"Si tutasimama tumchukue?" nilisema, nikanuna kwa ustadi mpaka mama akakubali.

Tulibandika selotepu juu ya mpira wa kioo, kipande kwa kipande, na kila tukibandika tuliteremka hadi darajani, tukapanda tena. Tukaziba chini, mluzi. Tukaziba upande wa dereva, mluzi. Mimi nilikaa shavu likiwa limegusa kioo, nikiutafuta ubaridi wa upepo unaopenya. Mama alipoziba kona ya juu upande wangu, gari lilinyamaza ghafla, hata tukasikia ndizi zikigongana nyuma. Mpira ulikuwa umesinyaa pale ukaacha mwanya mwembamba sana. Akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaupaka gundi, akausukumiza ndani kwa mpini wa kijiko. Nilirukaruka kwa furaha. Mama alikifuta kijiko.

Siku yenyewe tulichelewa kwa sababu ya nywele zangu. Nyuma shangazi walikuwa wamejaa na vitenge vyao. Tuliposimama penye njia ya bibi, hapakuwa na mtu.

"Atakuwa ametangulia na majirani," nilisema mimi.

Mama akatazama migomba, akatazama saa, akaondoa gari.

Mbele ya kanisa hakuna aliyegeuka kututazama. Nilitembea kwa maringo hadi mlangoni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba bibi hayupo. Kengele ilikuwa imeshalia. Mkono uliowekwa begani mwangu ulikuwa wa jirani mmoja aliyeombwa pale pale.

Tulimkuta bibi kwenye kigoda mlangoni pake, gauni jipya mwilini, viatu miguuni, fimbo mapajani. Mama alichuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, lile jani ambalo Mchagga akikuletea kuomba radhi huwezi kumkatalia, akanipa mimi nilishike.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Magari yamepita mengi," alisema. "Nilikuwa nasikiliza letu."

Akalipokea jani. Kisha akanipapasa mpaka akalipata bega, akaweka mkono wake hapo, akauacha. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake mama alinipa kile kijiko, nikautoa ukanda mwenyewe. Watoto walirudi kunicheka. Mimi nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, nikaibeba.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Baada ya mazishi nilimkuta mama mbele ya pikapu, gundi mkono mmoja, kijiko mkono mwingine, akiiziba ile kona peke yake, bila kubahatisha. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kushindwa kuuziba mluzi ule. Yale maneno ya watu alikuwa akiyasikia kabla yangu, na alikubali kuitwa mwanamke wa mluzi miaka yote ile, ili bibi ajue wakati wa kuanza kupanda.

Tuliteremka bila mluzi kwenda sokoni. Penye njia ya bibi mama alisimamisha gari. Akangoja kidogo, kisha tukaendelea.