Nyumba Iliyolala Najma

Enzi zetu sisi tuliokulia mtaa wa Najma, wakati treni ya chini ya ardhi haijachimbiwa hata shimo na Lusail ni mchanga mtupu, Doha ilikuwa mji wa kutembea kwa miguu. Ukitumwa bakala kununua maziwa ya kopo, ulipita kwa Mpakistani wa mikate, ukasimama mlangoni kwake bila kusema neno, naye akakurushia kipande cha moto kilichoungua pembeni. Kiangazi maji ya bomba yalichemka yenyewe kwenye tangi la juu ya paa, kwa hiyo tulioga maji ya hita iliyozimwa, iliyokuwa ndani kivulini, maana ndiyo yaliyokuwa na nafuu. Watoto wa leo nikiwasimulia hayo huniuliza kama tulikuwa na umeme. Tulikuwa nao. Tulichokuwa hatuna ni kitu cha kutazama mchana kutwa, ndiyo maana tulitazama nyumba yetu.

Nasema yetu, lakini ilikuwa ya tajiri mmoja wa Doha aliyekwisha kuhamia kwenye jumba kubwa nje ya mji. Mtu aliyeikodi alikata kumbi kwa bodi za mbao na kutupangisha vyumba: sisi Watanzania upande mmoja, Wakenya na Waganda upande wa pili, na familia moja ya Kihindi nyuma. Baba alikuwa dereva wa ofisi, mama alikuwa fundi cherehani. Chumba chetu kilipakana na katikati ya nyumba, na katikati hapo palikuwa na meko makubwa ya matofali, makubwa kiasi cha mtu kuingia akiwa ameinama. Hakuna aliyejua meko yale ni ya nini katika nchi yenye joto lile. Mama aliweka cherehani yake ndani, akashona humo miaka yote kama aliye kwenye duka dogo.

Nyumba zote za mtaa zilikuwa zimesimama. Yetu ilikuwa imelala. Ilikuwa fupi na ndefu, paa lake limetandazwa likapita kuta kwa mbali, na chini ya upenu ule palikuwa na kivuli tangu asubuhi mpaka jioni. Hapo ndipo tulipocheza mdako na rede, hapo ndipo nilipopasua dirisha la Wahindi. Madirisha yenyewe yalikuwa madogo madogo, yameshikana mstari mmoja chini ya paa kama meno. Na kuta zilikuwa matofali matupu ya rangi ya kahawia, membamba na marefu. Mistari ya kulala baina ya matofali ilichimbwa ndani, lakini ile ya kusimama ilizibwa kwa saruji ya rangi ya tofali lenyewe usiione. Mtoto ukiingiza kidole kwenye mstari pale getini, ungeweza kukimbia nacho hadi nyuma ya nyumba bila kukitoa. Vidole vyetu vilikuwa na sugu. Mama alikuwa akisema, "Zuhura, huo ukuta utakumaliza kucha, halafu utaolewa na nani?"

Chumba cha mwisho, karibu na geti, alikaa Mzee Hemedi wa Pangani. Alikuwa mrefu, mkimya, kanzu safi daima, macho yameanza kuingia ukungu. Tulimjua kwa jambo moja: hakutaka mtu apigilie msumari kwenye tofali.

"Pigilia kwenye bodi, kijana," alimwambia Wafula, Mkenya aliyekuwa askari wa benki. "Tofali liache."

"Aii, mzae, kwani hii keja ni yako?"

"Si yangu. Niliichora."

Wafula alicheka, baba akacheka mpaka akakohoa. Mzee anayeazima chumvi, eti ndiye aliyechora nyumba ya tajiri! Mzee Hemedi alimchukua baba kwa mkono, akamzungusha nyumba nzima, akamwonyesha kila chumba kilichofichwa na bodi: hapa palikuwa barazani, hapa watu walikula, hapa mwanga wa asubuhi uliingia ukafika kwenye meko. Baba aliporudi alikuwa hacheki tena. Tangu siku ile tukawa tukimpelekea sahani ya wali kila Ijumaa.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na sikuacha kuuliza hata nilipokuwa mtu mzima ninayetangatanga. Habari za mzee nilizipata vipande vipande, vingine kwake, vingine kwa baba, vingine kwa jamaa yake mmoja niliyemkuta Tanga. Baba yake alikuwa seremala. Baada ya uhuru alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, akapelekwa katikati ya nchi ile, mahali ambapo ni mbuga za majani pande zote na ardhi haina kilima. Huko zamani walikuwapo wachoraji waliosema kwamba nchi ikiwa bapa, nyumba nayo iwe bapa: paa pana, mistari ya kulala, meko katikati ili watu wa nyumba wakutane. Mtindo huo waliuita Prairie, yaani mbuga. Lakini alipofika yeye, ulikuwa umeshapitwa miaka mingi. Alibaki mwalimu mmoja mzee aliyeufundisha, na wanafunzi wengine hawakuingia darasani kwake. Hemedi aliingia.

"Mimi," alisema, "nilifika karamuni sahani zimeshaoshwa."

Alikuja Doha wakati mafuta yalipoanza kujenga mji. Alisema alipoliona jangwa alijua amepata kazi, kwa kuwa jangwa ni mbuga iliyonyimwa majani. Katika ofisi ya wahandisi alikoajiriwa alichora nyumba chache za wafanyabiashara. Jina lililoandikwa kwenye kibao lilikuwa la ofisi, lake halikuwapo. Meko aliyageuza kuwa ya kahawa, wageni wa mwenye nyumba wakae kuyazunguka. Kisha matajiri wakataka nguzo nene na makuba, baadaye wakataka vioo. Ofisi ikamweka kwenye kuchora vyoo na ngazi, halafu makabati ya jikoni, halafu ikamwambia inatosha. Nyumba zake zikabomolewa moja baada ya nyingine. Alipotafuta chumba cha bei nafuu, akaja kupanga kwenye ile ya mwisho.

Siku moja alirudi kutoka msikitini uso umebadilika, anatembea haraka kama kijana. Mtu aliyefanya naye kazi zamani alikuwa amemweleza kwamba kuna watu wanazunguka kuzipiga picha nyumba za zamani, na watachagua chache zisibomolewe. Yeye amewaelekeza kwetu. Watakuja. Mama aliyekuwa ndani ya meko anapima kola alisimama ghafla akajigonga kichwa. Jirani wa pili alikuwa ameshabomolewa, na sote tulijua zamu yetu haiko mbali. Kumbe mzee wetu angeweza kutuokoa, na nyumba yake ingebaki hata baada ya yeye kuondoka duniani.

"Lakini nataka niione vizuri siku hiyo," akasema. Akaenda kutolewa mtoto wa jicho. Daktari akamkataza vumbi, na Najma ilikuwa vumbi tupu, basi rafiki yake akamchukua akae kwake wiki moja.

Hapo ndipo watu wazima walipokaa kikao chini ya upenu. Nakumbuka kila neno, kwa sababu kilikuwa kikao cha furaha.

"Wageni wanakuja na kamera," baba akasema, "waikute nyumba ya mzee iko uchi?"

"Nami nimekuwa nikijiuliza," mama akasema. "Tajiri mzima, akashindwa kumpa mzee plasta? Masikini. Kakaa na aibu hiyo miaka yote hasemi."

"Kwetu ukijenga ya matofali ukose plasta, watu hupita wakisema pesa iliisha," Wafula akadakia. "Mzae alikuwa anaona haya, wallahi. Tummalizie kazi."

Hakuna aliyebisha. Wangebishaje? Kote tulikotoka, nyumba isiyopigwa plasta ni nyumba ambayo haijaisha, na mwenyewe hukwepa kuulizwa. Kumpigia mtu plasta ni kumsitiri. Mhindi wa nyuma alifanya kazi ya ujenzi, akaleta saruji iliyobaki na rafiki yake fundi. Ijumaa baada ya swala wanaume walikunja kanzu na suruali. Mama alipika pilau sufuria kubwa, sisi watoto tukabeba maji kwa ndoo na kurushiana. Baba, ambaye hakuwahi kushika mwiko maishani, alipakwa saruji mpaka kwenye nyusi, na Wafula akawa anamwita injinia. Wiki haikwisha ukuta ulikuwa umekauka na kupakwa rangi nyeupe. Uling'aa mpaka ukaumiza macho. Sijawahi kuona watu wanaopendana kama tulivyopendana siku zile.

Mzee Hemedi alirudi kwa teksi. Sote tulijipanga getini.

"Karibu kwako, mzae!" Wafula akapiga kelele. "Cheki! Tumevalisha keja yako suti!"

Mzee alishuka, akavua miwani ya giza aliyopewa hospitali. Alisimama. Nilidhani jua linamuumiza. Kisha akaenda ukutani, akaweka kiganja, akatembea nacho taratibu kutoka getini hadi pembeni, kama sisi tulivyokuwa tukifanya, ila vidole vyake havikupata pa kuingia.

"Nani amepiga plasta?"

"Sisi sote, mzee," baba akajibu, anacheka.

"Imenyooka." Akaondoa kiganja ukutani. "Imenyooka vizuri sana. Ahsanteni, wanangu." Akamgeukia mama. "Binti yangu, hakuna chai?"

Akanywa chai nje, amekaa ameipa nyumba mgongo. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Aliutazama ule mgongo, akaingia ndani akalia. Usiku ule baba alikwenda chumbani kwa mzee, akaambiwa polepole, bila lawama, kwamba tofali lile ndilo lililokuwa nguo.

Wageni walikuja siku mbili baadaye, mwanamke mmoja na kijana wa kamera. Mwanamke alitazama nyumba, akatazama mtaa juu na chini, akauliza kama hakuna nyingine yenye matofali.

"Ni hii," Mzee Hemedi akasema. "Matofali yako ndani. Plasta ni ya juzi."

Alimzungusha kama alivyomzungusha baba. Alimwonyesha meko, na mama akatoa cherehani yake mbio mbio ili yaonekane. Mwanamke alikuwa na adabu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikitika kwelikweli. Alisema wanatafuta zilizobaki kama zilivyokuwa. Kijana hakufungua hata mfuko wa kamera. Walisema wakipata nafasi watapita tena.

Ijumaa iliyofuata baba alitoka na bisibisi akaanza kuchokoa plasta pale getini. Hakumwambia mtu. Wafula akamwona, akaleta kisu cha jikoni. Mama akaleta kijiko. Tukachokoa wote, kimya, si kama siku ile ya pilau. Lakini plasta ilikuwa imeshika. Kila kipande kilichotoka kilitoka na uso wa tofali, na nyuma yake pakabaki kidonda chekundu, hakuna mstari. Tulichokoa Ijumaa kadhaa. Tulifikia upana wa mlango tu. Mzee alitoka akamshika baba mkono wenye bisibisi.

"Basi, mwanangu. Basi. Tunaiumiza."

Notisi ya kubomolewa ilikuja kabla ya kiangazi. Tulitawanyika kila mtu na godoro lake. Sisi tulipata chumba mbali, pasipofika basi la shule, na shule yangu ikaishia hapo. Tangu siku hizo sijakaa mahali zaidi ya miaka miwili. Mzee Hemedi alirudi Pangani, akafariki huko. Habari zilitufikia kwa simu, baba akakaa kitandani na viatu vyake mkononi, hajui kama anavaa au anavua. Mpaka leo huwezi kutaja neno plasta mbele yake.

Nilipokua nilifanya kazi Lusail, nikifuta vumbi kwenye majengo ambayo lazima uegemee nyuma ndipo uone mwisho wake. Mapumzikoni nilikuwa nikitafuta kwenye simu nyumba za Prairie za Marekani. Zipo, zimetunzwa, watu hulipa kiingilio kuziona, na nyingine zimechorwa na watu ambao hata kwao majina yao hayajulikani sana. Nilizitazama moja moja nikaona ule upenu, yale madirisha, ule mstari. Jina la Hemedi nimelitafuta kwa kila namna ya kuliandika. Halipo.

Vijana wa sasa hupiga picha hata kikombe cha chai ya karaki kabla hakijapoa, wakapiga na kivuli cha kikombe. Nawacheka, kisha nawaonea wivu. Enzi zetu kamera ilitoka kabatini siku ya sikukuu au siku ya jambo kubwa, na ukuta haukuwa jambo. Kwa hiyo miaka yote tuliyokaa katika nyumba ile tuliipiga picha mara moja tu, siku ile rangi ilipokauka na mama akapika pilau tena. Picha ninayo. Baba ameshika mwiko, Wafula ameinua ndoo kama kombe, mama ana sahani ya pilau, sisi watoto tumechuchumaa mbele, tumelowa, tunacheka mpaka meno ya nyuma. Nyuma yetu ni weupe mtupu kutoka pembe hadi pembe, na nyumba hiyo ungeweza kuikuta mahali popote duniani.